Kurudisha uoto wa asili kando ya njia ya miguu ufukweni, Luchelele: tuanzie wapi na watu wa kujitolea?

MkaziLuchelele

Habari za leo wakuu.

Huku upande wa Luchelele, Mwanza, tuna njia ya miguu ya mtaa inayofuata ufukwe wa Ziwa Victoria, urefu wake kama kilomita moja. Watu huitumia kwenda mwaloni (wavuvi wanakoshusha samaki), wanafunzi kwenda shule, na jioni wengi hutembea tu kupunga upepo. Ina vipande vitatu tofauti:

- Mteremko wa mawe, kama mita 300, lantana (kichaka vamizi cha kigeni) imeufunika pande zote mbili hadi njia imebaki kichochoro.
- Sehemu tambarare yenye milusina mingi (mti wa kigeni unaosambaa haraka), mikaratusi minne mikubwa, na nyasi zilizolishwa mpaka udongo unaonekana.
- Bondeni ambako kijito kinaingia ziwani. Palikuwa na mafunjo mengi, yamebaki mashada machache. Bustani za mboga zimesogea mpaka majini.

Mwenyekiti wa mtaa ameridhia kazi ifanyike. Watu wa kujitolea wapo kati ya 25 na 30, wengi wao vijana wa chuo na akina mama wa kikundi cha hapa mtaani. Kuna mfadhili ameahidi miche 500 ya mwarobaini, mjohoro na mgrivea, na anataka ipandwe tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani.

Ninachohitaji kujua: tuanze na kipande kipi, tung'oe nini na tuache nini, tupande nini, na tutunze vipi hadi ishike? Tunataka uoto wa hapa hapa urudi, pamoja na ndege na wadudu wake, siyo kivuli tu.

---

Kisiki_Hai

Mkuu, nianze na tarehe 5 Juni, maana hiyo peke yake inatosha kuua kazi nzima.

Mwanza masika yanakwisha Mei. Juni hadi Septemba ni kiangazi, na upepo wa ziwani hukausha udongo wa mawe haraka. Mche unaotolewa kwenye kiriba (kifuko cha nailoni cha kuoteshea) tarehe 5 Juni unaanza kutafuta maji wiki ileile ambayo maji yanaondoka. Utaonekana mzima Juni yote kwa unyevu uliobaki, Julai utaanza kudondosha majani, Agosti umekuwa kijiti. Mweleze mfadhili kwa adabu kwamba siku hiyo ina kazi nzuri tu za kufanya: kung'oa lantana wakati udongo bado laini, kuotesha mbegu, kuweka alama kwenye miti ya asili iliyopo. Kupanda kusubiri vuli. Na siyo mvua ya kwanza ya Oktoba. Subiri ardhi ilowe hadi kina cha sentimita 30 au zaidi. Chimba kwa jembe uangalie; kama chini bado pakavu, subiri. Mara nyingi hiyo inakupeleka Novemba.

Aina za miche nazo zina shida. Mwarobaini na mjohoro asili yao ni Asia, mgrivea ni Australia. Ni miti yenye faida uani na shambani, lakini mmesema mnataka uoto wa hapa. Miche hiyo ipelekwe shule na majumbani kwa watu, na mfadhili aombwe fedha ileile iende kwenye viriba, glovu na mbegu za miti ya asili.

Sasa jambo ambalo wengi hulipita: kabla ya kufikiria kupanda, tembea njia yote polepole ukiangalia chini. Ndani ya lantana na kati ya mawe kwa kawaida kuna visiki vya miti ya asili vinavyochipua kila mwaka na kukatwa au kuliwa na mbuzi kila mwaka. Mzizi wa kisiki hicho uko chini tayari na unajua maji yalipo. Ukikichagulia machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye afya, ukakata mengine karibu kabisa na shina, ukapogoa matawi ya nusu ya chini, ukafunga kitambaa chekundu ili mtu asikifyeke, kitakwenda kwa kasi ambayo mche wa kitaluni hauwezi kuifikia. Rudi kila baada ya miezi miwili au mitatu kuondoa machipukizi mapya. Wasukuma wanajua jambo hili kwa ngitili: eneo linafungwa lisilishwe, na majani na miti vinarudi vyenyewe. Shinyanga, kuanzia 1986, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulifufua mamia ya maelfu ya hekta kwa kutegemea zaidi ngitili hizo kuliko miche.

Kwa hiyo mpangilio wangu: linda kilichopo, ondoa kinachokisonga, na panda pale tu palipobaki wazi.

Lantana. Hapa ndipo watu wanapochoka bure. Ukiifyeka kwa panga inachipua upya yenye matawi mengi zaidi. Ukiichoma, visiki vinachipua na mbegu zilizoko ardhini zinapata mwanga. Inachipukia kwenye shingo, pale shina linapokutana na mzizi, hivyo kazi ni kuitoa hiyo shingo. Namna yake:

Kwanza kata matawi yabaki mashina ya urefu wa goti, ili upate pa kushika. Kisha ingiza sululu au mtaimbo kando ya shina, ukate mzizi mkuu sentimita 3 hadi 5 chini ya uso wa udongo, na uung'oe mzima. Kwenye ufa wa mawe ambako sululu haiingii, tumia mtaimbo mwembamba. Kisiki ulichotoa usikiache kimelala kwenye udongo wenye unyevu, kitashika tena. Kiweke juu ya jiwe, mizizi ikitazama juu, hadi kikauke.

Matawi yenye matunda yaliyoiva, yale meusi, yafungwe kando na yasiburutwe njiani, maana kila tunda linalodondoka ni mche wa kesho. Matawi yasiyo na matunda yapange kwa mstari kukata mteremko, yakizuiwa na mawe. Yatashika udongo mvua za vuli zikija.

Usisafishe mteremko wote kwa mkupuo. Safisha kipande cha upana wa mita 10, acha kingine cha mita 10, ukirudie mwakani. Ardhi tupu kwenye mteremko wa Mwanza inaondoka na mvua moja kubwa na kuishia ziwani, na ndege waliojenga humo wanahitaji pa kwenda. Kabla ya kukata, angalia viota. Chenye mayai au makinda kiache na uzungushe mita mbili pembeni.

Kipimo cha kupangia: kwenye lantana nene mtu mmoja humaliza kama mita 20 za mraba kwa asubuhi moja. Watu 25 ni mita 500 za mraba. Mita zako 300 za njia, ukihesabu mita 5 kila upande, ni mita 3,000 za mraba, yaani asubuhi sita. Ukizigawa kwa awamu mbili, tatu mwaka huu na tatu mwakani. Halafu, na hili ndilo linalosahaulika, weka kwenye ratiba siku za kurudi: wiki sita baada ya mvua kuanza, ung'oe miche ya lantana kwa mkono ikiwa bado na urefu wa kidole. Rudia hivyo kila msimu wa mvua kwa miaka mitatu hivi, kwa sababu ndege wataendelea kuleta mbegu na kuziangusha chini ya miti wanayotua.

Glovu ziwe za ngozi. Na waambieni wenye ng'ombe na mbuzi wasilishe mifugo majani yaliyokatwa, lantana inaharibu ini.

Mlusina. Ule mdogo wenye unene wa kidole gumba ung'oe mvua zikinyesha. Mkubwa ukate chini kabisa, bandua gome lote la kisiki hadi ndani ya udongo, na uvunje machipukizi kila mwezi mpaka kichoke. Kateni kabla maganda hayajakauka. Yakishapasuka mbegu zinakaa ardhini miaka.

---

MamaKitalu

Nakubaliana na Kisiki_Hai karibu kwa yote. Niongeze upande wa miche, kwa sababu mkitaka kupanda Novemba, mbegu zinatakiwa ziingie kwenye viriba sasa hadi Julai mwanzoni.

Usitegemee kukuta miche ya asili inauzwa barabarani, wauza miche wengi wana miembe, miparachichi, mikaratusi na maua. Otesheni wenyewe. Kitalu cha viriba 300 kinahitaji eneo la mita 3 kwa 3 tu, kivuli cha nyasi au matete, na mtu wa kumwagilia asubuhi na jioni. Udongo: ndoo tatu za udongo wa juu, ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri, ndoo moja ya mchanga wa mto. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Miti ninayoishauri kwa njia yenu:

Mkuyu. Ndiyo mti wa kwanza kwa bonde la kijito, matunda yake yanalisha ndege na popo kwa vipindi vingi vya mwaka. Hauhitaji mbegu. Kata fito zilizokomaa zenye unene wa mkono wa mtoto na urefu wa mita 1.5 hadi 2, ziache kivulini siku moja au mbili utomvu ukauke, kisha zipande mvua zinapoanza, sentimita 50 ndani ya ardhi. Upande uliokuwa chini uendelee kuwa chini. Mkata fito achonge ncha upande huo palepale anapokata, vinginevyo mtachanganya. Upandeni mbali na mabomba ya maji na misingi ya nyumba, mita 10 au zaidi.

Mkwaju, au bushishi kwa Kisukuma. Kwa sehemu tambarare na kando ya mawe. Loweka mbegu saa 24, panda kina cha sentimita 1.5, unaota kati ya wiki moja na mbili. Unakua polepole, lakini ukishika umeshika.

Mgunga. Mbegu ina ganda gumu. Chemsha maji, yaondoe motoni, subiri dakika chache, mwagia mbegu na uziache humo hadi kesho yake. Zilizovimba panda, ambazo hazijavimba rudia. Kwa sababu ya miiba, uupande mita 3 au zaidi kutoka ukingo wa njia.

Mwegea. Maua yake hufunguka usiku na popo ndio wachavushaji. Tunda lake lakini ni zito, kilo kadhaa, na likianguka kichwani ni hatari ya kweli. Mita 10 kutoka njiani, na kamwe usiwe juu ya benchi.

Mzambarau mwitu, ule wa asili unaoota kando ya mito, siyo zambarau ya sokoni iliyotoka Asia. Mbegu zake haziwekeki. Okota matunda yaliyoiva, menya nyama, panda ndani ya siku chache. Ukizianika na kuzitunza kwenye bahasha kama mahindi, hutaona hata moja ikiota.

Kusanyeni mbegu kutoka miti mingi ya aina moja, kumi au zaidi ikiwezekana, na iwe ya hapa hapa kanda ya ziwa. Mkichukua zote kwa mti mama mmoja mtakuwa na msitu wa ndugu watupu, ugonjwa ukija unawakuta wote. Kisiwa cha Saanane kinaonyesha vizuri uoto wa mawe wa Mwanza ulivyo ukiachwa bila kukatwa, kwa hiyo nendeni mkaangalie kipi kinakaa wapi. Ila kile ni hifadhi ya taifa, mbegu na vipandikizi havichukuliwi pale.

Kupanda kwenyewe: shimo la sentimita 45 kila upande na kina hichohicho. Udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto, na wakati wa kufukia anza na ule wa juu ili mizizi ikutane na rutuba. Kiriba kitolewe chote. Bado naona watu wanapasua tu kitako na kuzika nailoni, na mizizi inazunguka humo kama nyoka kikapuni hadi mti unalala kwa upepo. Mzizi uliojikunja chini ukate kwa kisu kikali. Shingo ya mche iwe usawa wa ardhi. Kwenye mteremko, weka kingo ya nusu duara upande wa chini, ndani yake maji ya mvua yasimame. Matandazo ya nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 10, yakae kiganja kimoja mbali na shina. Yakigusa shina, mchwa wanapanda.

Idadi sasa. Usipande 500. Panda 150. Kila mche uliopandwa Novemba unahitaji maji kwenye ukame mfupi wa Januari na Februari, na zaidi kwenye kiangazi cha kwanza: lita 10 kwa wiki, mara moja, zimwagwe polepole zishuke chini. Miche 150 ni lita 1,500, madumu 75 ya lita 20. Kwa watu 25 ni madumu matatu kila mmoja kila wiki, jambo linalowezekana. Miche 500 ni madumu 250, na hapo mtu atakuja wiki mbili za kwanza tu.

---

Mwalo_Kwanza

Wakuu wamemaliza nchi kavu. Mimi nizungumzie bondeni, ambako naona ndiko kwenye thamani kubwa kuliko vipande vyote vitatu. Mafunjo yanachuja tope na mbolea inayoshuka na kijito kabla haijaingia ziwani, na katikati ya mashina yake ndimo samaki wadogo wanamojificha, sato na kambare wakiwemo. Kamongo naye ni wa humo. Kwa hiyo waambieni wavuvi wa mwalo na BMU yao (kikundi chao cha kusimamia uvuvi ufukweni) mapema. Ni kazi ya mazalia ya samaki, na wao wana mitumbwi na wanayajua maji.

Jambo la kwanza ni mstari wa maji. Msipime kutoka maji yalipo leo. Ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, fukwe na nyumba zikafunikwa. Waulizeni wenyeji maji yalifika wapi miaka hiyo, tieni alama kwenye mawe, na miti ya nchi kavu ianzie juu ya alama hiyo. Chini yake ni mahali pa mafunjo, matete na nyasi za majimaji. Mkwaju ukipandwa hapo utaoza mizizi mwaka ziwa litakaporudi.

Bustani za mboga: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mito. Ifahamuni, lakini msianze nayo. Anayelima mchicha pale anakula kutokana nao. Kaeni nao pamoja na mtendaji wa mtaa na afisa mazingira wa halmashauri, kubalianeni ukanda wa mafunjo uanze na mita 10 za karibu na maji mwaka huu, na wao wavune mafunjo ya mikeka kwa zamu yakishakomaa. Mkiwafukuza, mafunjo yatang'olewa usiku.

Kupanda mafunjo: chukua kutoka shada lililo hai, upande wa nje, usitoboe katikati. Kata kipande cha shina nene la chini linalotambaa kwenye tope, urefu wa sentimita 15 hadi 20, kiwe na chipukizi moja au mawili ya kijani na mizizi yake. Yaliyo marefu yapunguze yabaki nusu mita, yasivutwe na upepo. Panda siku hiyohiyo, kikikauka kimekufa. Kizike kwenye tope ambapo maji hayazidi magoti, nafasi ya mita moja, na ukifunge kwa kamba ya katani kwenye kijiti kilichochomekwa. Msitumie nyavu chakavu za nailoni kufungia wala kuzungushia. Ndege na kenge hunasa humo na kufa.

Mafunjo hayapendi mawimbi. Penye mchanga wazi unaopigwa na upepo wa ziwa msilazimishe, yatang'oka. Panda nyuma ya mawe, kwenye vijighuba, na kila mahali palipo na shada lililobaki, ukilipanua kuelekea nje.

Gugumaji: likisukumwa na upepo litakuja kulala juu ya mafunjo machanga na kuyavunja. Litolewe kwa reki kila wiki, lipelekwe juu ya ule mstari wa maji mengi na likauke kabisa. Likiachwa ukingoni wimbi linalirudisha. Pale penye maji machafu ya mjini msilifanye mbolea ya mboga, hunyonya metali nzito.

Usalama, na hapa sitaki mtu apite haraka. Kichocho kipo kando yote ya ziwa letu. Vijidudu vinatoka kwenye konokono mwanga ukiongezeka, hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, na vinapenya ngozi kwa dakika chache. Upande wa pili, viboko hulisha nchi kavu usiku na kurudi majini alfajiri. Kwa hiyo muda wa kazi ya majini ni saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, jua likiwa limetoka vizuri na mtu mmoja akiwa amesimama juu ya jiwe kutazama maji tu, mamba wakiwemo. Buti ndefu za mpira na glovu ndefu ni za lazima. Aliyelowa ajifute kwa taulo kavu palepale kwa nguvu. Baada ya wiki sita hadi nane aende zahanati apime choo. Akipima mapema mno mayai hayaonekani, na dawa ya prazikwanteli haiui vizuri minyoo michanga. Wanaochota maji ya kumwagilia nao wanahusika, wasiingie ziwani na dumu. Wekeni jiwe au ubao wa kusimamia.

Mkikuta njia ya kiboko kwenye mafunjo, iacheni wazi. Ukipanda juu yake atapita tu, na atatafuta pengine pa kupita, huenda kwenye njia yenu ya miguu.

---

MkaziLuchelele

Asanteni sana. Nimemwandikia mfadhili, amekubali tarehe 5 Juni iwe ya kung'oa lantana na kujaza viriba.

Maswali yaliyobaki: kuna kijana anashauri tupulize dawa ya magugu kwenye lantana ili kuokoa muda. Pili, mikaratusi minne tuikate? Tatu, mbuzi. Nne, akina mama wanasema njia ikiwa na vichaka jioni wataogopa kupita.

---

Kisiki_Hai

Dawa, hapana. Mteremko wote unamwagika ziwani, watu wanachota maji hapo chini, na viambato vya kunatisha vilivyomo kwenye dawa nyingi za magugu vinaua vyura na samaki wachanga. Isitoshe, kupuliza kunaua pia vile visiki vya asili tunavyovitafuta chini ya lantana.

Mikaratusi: kama kuna iliyo karibu na kijito, ningeiondoa mwaka huu huu, inakunywa maji ambayo mafunjo yanahitaji. Kateni kwa kibali cha halmashauri, msiguse mti mkubwa bila karatasi.

---

MamaKitalu

Kwa ile ya sehemu tambarare natofautiana kidogo na ndugu yangu. Kivuli chake chembamba kinasaidia miche michanga kwenye kiangazi cha kwanza na cha pili, na ndege wanaotua juu yake wanaleta mbegu za mikuyu bure. Iachwe hadi miti ya asili ifike urefu wa mtu, halafu iondolewe mmoja mmoja. Msipande tu ndani ya mita 5 ya shina lake, mizizi itawashinda.

---

Kisiki_Hai

Kwa tambarare, sawa. Kijitoni nabaki na msimamo wangu.

---

Mratibu_Kirumba

Niingie kwenye mbuzi, usalama wa njia na mpangilio wa watu.

Mbuzi: zungushia kila mche matawi ya mgunga, miiba ikitazama nje, kipenyo cha mita moja, yakisindiliwa na mawe. Yanadumu kama msimu mmoja, yabadilisheni kabla ya Juni majani yanapoadimika. Uzio wa mnyaa ni wa kudumu na hauna gharama, ila utomvu wake unaumiza macho vibaya. Mwenye kukata avae miwani, na usiwe upande wa njia wanakopita watoto. Pamoja na hayo, mwenyekiti aitishe kikao na wafugaji wakubaliane mahali pa kupitisha mifugo kwenda kunywa maji. Bila pitio hilo hakuna uzio utakaosimama.

Akina mama wana haki kabisa, na jambo lao liingie kwenye mchoro tangu mwanzo. Mita mbili kila upande wa njia ziwe za mimea mifupi isiyozidi goti: ukoka unatosha, pandikiza vipande kila sentimita 20. Vichaka virefu vianzie hapo kwenda nje, na kwenye kona virudi nyuma mita 4 au zaidi. Miti iliyo karibu ipogolewe matawi ya chini hadi mita 2, mtu aone mbele. Ukoka usiruhusiwe kuingia nusu mita kuzunguka mche, unaunyima maji.

Kwenye mteremko, mvua ikishuka katikati ya njia itachimba korongo na watu watatembea pembeni juu ya miche yenu. Pangeni mistari ya mawe inayokata njia kwa mshazari, kila mita 10 hadi 15, ikitoa maji kwenye majani. Mawe ya kuokota yanatosha. Anayevunja miamba kwa kokoto hapo jirani azungumzwe naye mapema.

Watu: tumieni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, tayari inajulikana. Makundi ya watu watano, kila kundi na kiongozi mmoja anayezitofautisha lantana, mlusina na mche wa asili. Siku ya kwanza saa nzima iwe ya kutambua mimea kwa macho, kabla ya panga lolote kushikwa. Kwa kila kundi: sululu mbili, mtaimbo mmoja, panga moja, jembe moja, glovu jozi tano, maji ya kunywa lita 10. Panga likiwa moja, anafyeka mmoja tu, na wengine wanakaa mbali naye zaidi ya hatua nne.

Kazi ya kumwagilia isiachwe kwa "wote". Kila mche upewe namba kwa rangi kwenye jiwe lililo kando yake, na daftari lioneshe nani ana namba zipi. Miche sita kwa mtu inawatosha watu 25 kwa miche 150. Aliyesafiri likizo, vijana wa chuo hasa, akabidhi namba zake kwa jina la mwingine kabla hajaondoka.

Hesabu zifanyike mara tatu: Januari, Mei, na mwisho wa Septemba. Andikeni ulio hai, uliokufa, na kwa nini: mchwa, mbuzi, ukame, panga. Sababu ndiyo inayoamua vuli inayofuata. Iliyokufa kwa mbuzi ongezeni miiba. Iliyokufa yote mahali pamoja, chimbeni muone, huenda kuna mwamba sentimita 20 chini, na hapo pawekwe nyasi badala ya mti.

---

MkaziLuchelele

Swali la mwisho. Viriba 300 kwa miche 150, kwa nini mara mbili?

---

MamaKitalu

Mbegu nyingine hazitaota, miche mingine italiwa na panzi kitaluni, na mwezi mmoja kabla ya kupanda utachagua iliyonyooka tu. Itakayobaki usiitupe. Ihamishie kwenye viriba vikubwa, ndiyo ya kuziba mapengo vuli ya mwaka unaofuata. Na kuanzia Oktoba punguza maji kitaluni, siku moja mwagilia, siku moja acha, na ondoa kivuli kidogo kidogo. Mche uliozoea kunyweshwa kila siku chini ya kivuli hauhimili wiki ya kwanza juu ya mawe.